Chupa ya Kome Iliyokwenda Bariadi

Kichangani, Tanga
12 Februari 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Salu wako wa cherehani hajambo? Na Mzee Machibya wa jirani, bado anakuuliza kama bahari ina mwenyewe au ni ya serikali?

Mimi mzima, ila jua la huku limenikausha hadi nimeanza kufanana na michembe ya viazi vilivyoanikwa. Umenizoesha barua, eti simu inafupisha mawazo, kwa hiyo nakaa chini niandike kama mtu mwenye adabu.

Ndani ya boksi utakuta chupa niliyoizungushia kanga kuukuu. Ifungue taratibu, imejaa spiriti. Kondakta nimemwambia ni dawa ya mgonjwa, maana ningesema ni kome angekataa kuipakia.

Unavikumbuka vibao tulivyovitundika pamoja chini ya gati, mwaka wako wa mwisho kabla ya kustaafu? Bado navitoa kila baada ya miezi mitatu kuangalia kilichoota. Safari hii nimekuta kome wadogo, weusi, wamejazana. Nisingeshtuka sana, lakini siku ya pili yake nikawakuta pia kwenye kamba ambazo akina mama wanafugia chaza. Hiki ni kile kikundi cha Bi Mwantumu, yule aliyekulisha bokoboko ukashindwa kuinuka kitini.

Sasa sikiliza shida yenyewe. Akina mama wanataka kuhamisha kamba zao zote mwezi ujao, waende ghuba ya kusini ambako maji ni safi. Kama hawa ni kome wetu wa siku zote, hakuna neno, wahame. Lakini kama ni kome vamizi waliokuja wamejibandika kwenye matumbo ya meli, basi kamba zitawabeba mpaka huko, na wakishaota huko hakuna wa kuwang'oa. Chaza watafunikwa wakose hata pa kupumulia. Ikiwa hivyo, itabidi kamba zote zitolewe majini, zikaushwe juani, na chaza wachanga walioko juu yake wafe. Kwa akina mama ni kuanza upya kabisa.

Kwa nje wanafanana kama pacha. Tofauti iko ndani, pale kwenye bawaba, yale magamba mawili yanapokutana. Wetu ni laini, wa nje wana vijino. Dk. Ansbert, mkuu wetu wa kituo cha utafiti, amesema hatatia saini kibali cha kuhama mpaka wewe useme. Mimi anasema bado mbichi.

Jibu langu nimeliandika na nimekaa nalo mpaka la kwako lifike, kama sheria yako inavyotaka: kila mmoja aangalie peke yake, ndipo tulinganishe.

Mwanao,
Ernestina


Bariadi
23 Februari 2024

Mwanangu Tina,

Marahaba. Boksi limefika salama, ila kondakta wako alilikabidhi kwa muuza mitumba pale stendi, na mitumba yote ya siku hiyo ikanuka spiriti. Nimeshatukanwa, nimeshasamehewa, yameisha.

Huku mvua imenyesha vibaya, yaani imenyesha kwa jirani. Mahindi ya Mwamapalala yanapendeza, ya kwangu yamenuna. Pamba inakwenda. Mbuzi wangu ni watatu sasa, na mmoja wao ameila nusu ya tasnifu ya mtu niliyokuwa nimeombwa kuisahihisha. Sikumkemea sana, maana alifanya kazi nzuri kuliko ambayo ningeifanya mimi.

Salu ananipigia kelele niende hospitali, kuna madaktari wa macho wanakuja wiki ijayo. Kwake yeye kila mtu aliyevuka sitini ni mgonjwa. Nimemwambia baada ya mavuno.

Haya, kome wako. Niliweka hadubini dirishani, nikakaa nayo asubuhi nzima. Hadubini yenyewe imezeeka, vioo vimeingia ukungu, lakini nimeangalia wa kutosha. Bawaba ni laini. Ni kome wetu wa siku zote, Tina, wale wale tuliokuwa tunawabandua kwenye nguzo za gati wewe ukiwa bado unaogopa maji. Mwambie Ansbert nimesema hivyo, na nimeambatanisha karatasi yenye saini yangu kwa ajili ya faili lake. Mwambie pia wewe si mbichi. Nilikutoa Ipililo ukiwa hujawahi kuona maji mengi kuliko lambo la ng'ombe, na leo unatofautisha kome gizani.

Akina mama wahame. Wamengoja sana.

Wako,
Mama


Kichangani
6 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Wabeja sana kwa jibu. Nimempa Dk. Ansbert karatasi yako, akaisoma akiwa amesimama, akatia saini papo hapo. Angalia jina lako lilivyo na nguvu. Ningempa ya kwangu angeniambia niketi nisubiri.

Kamba zimeanza kuhamishwa jana. Akina mama waliziburuta majini kiunoni huku wanaimba, na Bi Mwantumu akanilazimisha nishike kichwa cha kamba ya kwanza, eti mimi ndiye niliyewafungulia njia. Nililowa hadi kwenye masikio.

Kuhusu kome, mimi nilidhani kama nimeona kitu kidogo pale kwenye bawaba. Lakini taa ya huku inacheza, na mwanga ukicheza mtu huona kisichokuwepo. Ukishasema wewe, yamekwisha.

Nikutanie kidogo: mwandiko wako umekuwa mkubwa kama wa mtoto wa darasa la kwanza. Kalamu mpya hiyo?

Mwanao,
Ernestina


Bariadi
19 Juni 2024

Tina,

Hujambo? Umenyamaza. Najua kazi ni nyingi, lakini hata mistari mitatu ungeiandika.

Nilikuwa Mwamapalala wiki mbili kwenye msiba wa shemeji yangu Mayige. Watu walikaa makundi makundi wanazungumza bei ya pamba, na mimi nikajikuta sina kundi. Wanawake walinipa mboga nichambue, kisha wakaninyang'anya kwa heshima, kwa sababu nilikuwa naacha majani mabovu. Wakasema, "Mwacheni msomi apumzike." Nikapumzika. Sijawahi kupumzika vibaya vile.

Niambie chaza wa ghuba ya kusini wanaendeleaje. Hilo ndilo jambo ninaloliwaza nikiamka asubuhi. Hapa hakuna anayeniuliza chochote isipokuwa kama sato aliyeletwa kutoka Lamadi ameoza au bado, na hilo pua yoyote inaweza kujibu.

Kama una chupa nyingine, ilete.

Mama


Kichangani
27 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo.

Nisamehe kwa ukimya. Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia, na sikuipata, kwa hiyo nakuambia hivi hivi.

Ghuba ya kusini imekwisha. Walianza kuonekana mwezi wa tano, vidoti vyeusi kwenye maboya, na mwezi wa saba hukuweza kuuona uzi wa kamba. Kome juu ya kome. Kamba zimekuwa nzito mpaka zimezama, na chaza walioko ndani ukiwapasua wananuka. Akina mama walijaribu kuwakwangua kwa visu. Walikwangua siku nzima, na maji ya jioni yakaleta wengine.

Dk. Ansbert alipeleka sampuli nje ya nchi. Majibu yamerudi juzi. Ni wale wa nje, wenye vijino.

Mkataba wangu ulikuwa uongezwe mwezi huu, haukuongezwa. Nimeambiwa hakuna fungu. Inawezekana kweli hakuna fungu. Nimekodi chumba kwa Bi Mwantumu, nawasaidia kuvuta zile kamba nje.

Sikuletei chupa, Mama. Hakuna cha kuuliza tena.

Ernestina


Bariadi
30 Septemba 2024

Dada Ernestina,

Mwangaluka. Mimi ni Salu, yule fundi cherehani, ninayeishi na mama mkubwa, huyo unayemwita Mama. Tumeonana mara moja tu ulipokuja kumsalimia, ukanishonesha gauni la kitenge na ukalipenda. Nakuandikia yeye hajui. Akijua atanifukuza, lakini wapi nitakwenda, na nani atampikia, kwa hiyo siogopi sana.

Barua yako ya mwezi wa nane nilimsomea mimi. Barua zako zote tangu mwaka jana namsomea mimi, dada. Mama mkubwa alikuwa haoni. Siyo haoni kabisa, alikuwa anaona mlango, anaona mtu, lakini sura ya mtu haioni. Mtoto wa jicho, yote mawili. Kuandika alikuwa anaandika mwenyewe kwa kukisia, ndiyo maana herufi kubwa.

Ile chupa yako ilipokuja alifurahi sana. Alivaa lile koti lake jeupe, hapa Bariadi, na joto lile, akakaa dirishani. Mimi nilikuwa nashona chumba cha pili. Nilimsikia anasema "sioni." Akasema tena "sioni, Mungu wangu." Nikaingia nikamwambia, mama mkubwa, mwandikie mtoto wa watu umwambie huoni. Akasema nitoke. Jioni akanipa barua niipeleke stendi. Mimi sijui kome, nilijua labda mwishoni ameona.

Uliposema ghuba imekwisha, hakula siku mbili. Siku ya tatu akaniambia nimpeleke kwa daktari. Miaka miwili namwomba, dada. Wamemtoa mtoto wa jicho la kulia kwanza, halafu la kushoto. Haikuchukua hata asubuhi nzima, na akarudi kwa miguu yake. Kitambaa kilipotolewa hakuuliza chakula wala mbuzi. Aliniambia, "Salu, niletee ile chupa."

Sasa nakuambia ili ujue. Usimchukie. Au mchukie kidogo, mimi nilimchukia kidogo, halafu nikampikia uji.

Dada yangu, hili lisikusumbue moyo zaidi. Salimia bahari.

Salu


Bariadi
8 Oktoba 2024

Ernestina,

Barua hii naiandika nikiona mistari ya karatasi. Sijui nianze wapi, kwa hiyo naanza na kome.

Niliwaangalia siku ile macho yangu yalipotibiwa, na leo tena. Vijino viko pale. Havikujificha, wala havihitaji mtaalamu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeviona akiwa anasinzia. Nilikaa nikaviangalia mpaka shingo ikakakamaa. Mwezi wa pili sikuona hata bawaba yenyewe. Niliona wingu. Nikakuandikia "laini", nikatia saini, nikakuambia akina mama wahame.

Nilikudanganya. Sitafuti neno jingine. Hadubini haikuwa na ukungu wowote, ukungu ulikuwa kwangu, na nilijua.

Utauliza kwa nini, na una haki. Hapa Bariadi mimi ni mama mmoja mwenye mbuzi, anayenyang'anywa mboga kwa kuwa hajui kuchambua. Chupa zako ndizo zilizokuwa zinanifanya niamke mtu. Nilijiambia, nikimwandikia Tina kwamba sioni, hatatuma tena. Atapata mwingine wa kumuuliza. Nikajiambia pia kwamba uwezekano ni mkubwa wawe kome wetu, mara tisa kati ya kumi huwa ni wetu. Hivyo ndivyo nilivyojituliza. Ungekuwa mwanafunzi wangu ukaniletea sababu ya namna hiyo, ningekurushia karatasi.

Nimemwandikia Ansbert, nimemweleza yote, pamoja na macho. Nimemwambia jina lako lisiguswe, na kwamba kama kuna mtu wa kufutwa kwenye kumbukumbu za kituo, ni mimi. Ameshanijibu kwa simu. Anasema nafasi yako iko wazi ukiitaka.

Sasa nina swali moja, na nakuomba unijibu kwa ukweli, bila kunionea haya. Kwenye barua yako ya mwezi wa tatu ulisema ulidhani umeona kitu kidogo kwenye bawaba, halafu ukasingizia taa. Ulikuwa umeandika jibu lako kabla ya langu. Uliandika nini?

Apolonia


Kichangani
2 Novemba 2024

Mama,

Shikamoo. Nashukuru Mungu kwa macho yako. Hilo nalisema kwanza, na nalisema kwa moyo wote, usije ukalisahau ukifika chini.

Umeniuliza kwa ukweli, nakujibu kwa ukweli. Niliandika kwamba ni wale wa nje.

Niliviona vijino, Mama. Si kwa taa inayocheza. Nilimbeba kome mmoja nje, juani, nikatumia lenzi ndogo ya mkononi uliyonipa siku ya mahafali. Nilifungua wengine kumi, wote walikuwa navyo. Nilipokutumia chupa sikuwa nauliza. Nilikuwa nataka useme nilichokwisha kukijua, ili Dk. Ansbert asikie kwenye kinywa anachokiheshimu.

Kisha ikaja barua yako: laini. Nilikaa nayo kitandani. Nilikwenda tena kuangalia, nikaviona tena. Nikajiambia labda kuna jambo kuhusu bawaba ambalo hukuwahi kunifundisha. Nikajiambia mimi ni nani. Wewe unajua kwetu Ipililo bibi akishapepeta mtama, hakuna anayechukua ungo apepete tena mbele yake. Ungemdhalilisha. Ningekuandikiaje wewe, uliyenilipia sare, uliyenifundisha kuogelea ukiwa umenishika tumbo, kwamba umekosea? Nikaichukua karatasi niliyokuwa nimeandika jibu langu, nikawashia jiko la mkaa. Halafu nikaenda kushika kichwa cha kamba ya kwanza, wanawake wananiimbia, na mimi najua kilichoko kwenye ile kamba.

Barua ya Salu niliipata. Tafadhali usimgombeze. Nilipoisoma nilikasirika sana, kwa sababu ungeniambia "sioni" ningekuwa nimeokoka. Neno moja tu. Lakini hasira ilipotulia nikaona kwamba wewe hukuona ukasema umeona, na mimi niliona nikasema sikuona. Sijui nani kati yetu amefanya baya zaidi. Mimi nilikuwa na macho.

Nafasi ya kituoni nimeikataa. Ansbert anadhani nilidanganywa, na siwezi kuketi kwenye kiti nilichopewa kwa huruma iliyojengwa juu ya uongo. Ijumaa iliyopita niliwaita akina mama, nikawaeleza yote, la kwako na la kwangu. Hakuna aliyepiga kelele. Ningependa wangepiga. Bi Mwantumu aliniuliza tu, "Kwa hiyo mlikuwa wawili mnaojua, na kila mmoja akamwonea haya mwenzake?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Na sisi hamkutuonea haya?" Kisha akaenda kukanda unga. Siku hizi anauza chapati barabarani, wengine wawili wanaponda kokoto. Nimebaki nalala kwenye nyumba yake, na asubuhi ananipa chai kama kawaida. Ile chai inanishinda kumeza.

Ameuliza pia kama yule mama wa kwenye karatasi yupo hai. Nimesema yupo. Hakuongeza neno.

Ernestina


Bariadi
14 Novemba 2024

Tina, mwanangu,

Barua yako nimeisoma mwenyewe, mara nyingi. Salu alitaka kunisaidia nikamkatalia. Sijamgombeza. Alifanya nilichopaswa kukifanya mimi.

Nikuambie kitu cha aibu. Nilipokuuliza uliandika nini, nilikuwa naomba useme kwamba hukuona. Nilikuwa naomba mwanafunzi wangu awe mzembe. Ungekuwa hukuona, basi kosa lingekuwa la macho ya mzee mmoja, na macho yangu yametibiwa. Ningelala.

Kumbe uliona. Uliona vizuri, ukatoka nje kwenye mwanga, ukahakikisha kwa kumi, kama mtu aliyefunzwa vyema. Kisha ukaunguza karatasi kwa sababu yangu. Miaka yote ile nilikufundisha kuangalia, na nikajisifu kwa watu kwamba nimekufundisha, wala sikuwahi hata siku moja kukufundisha kuniambia, "Mama, hapana." Kusema kweli sikutaka. Ulipokuwa unaitikia ndiyo kwa kila kitu nilikuona mtoto mwenye adabu, nikakupenda zaidi. Wenzako waliokuwa wanabisha niliwapa kazi za kuosha chupa. Mmoja wao, Damas, aliacha masomo. Leo ndiyo nimeanza kujiuliza aliona nini mimi nisichokiona.

Unauliza nani amefanya baya zaidi. Ni mimi, Tina, na sisemi hivyo ili kukubembeleza. Woga wako niliulea mwenyewe, nikiuita heshima. Lakini sehemu yako ni yako, na sikuondolei. Ukiibeba vizuri utakuwa mtaalamu bora kuliko mimi. Hilo nalisema sasa, ingawa najua maneno yangu ya sifa hayana bei tena kwako.

Kuhusu Bi Mwantumu. Amenyamaza baada ya kuuliza kama nipo hai, na mimi nimeusikia ule unyamavu mpaka huku kwenye pamba. Mtu hawezi kuujibu kwa barua. Nimemwachia Machibya mbuzi. Salu amenikatia tiketi, amenifungia na karanga za njiani, ananung'unika kwamba daktari hajaruhusu vumbi. Nitafika Kichangani Alhamisi ya wiki ijayo. Nitakaa mbele yao wote, nitawaambia kwa mdomo wangu kwamba sikuona na nikaandika nimeona, na watakachonijibu nitakisikiliza hadi mwisho. Baada ya hapo, kama wakitaka, nitavuta kamba pamoja nao. Kama hawataki, nitarudi.

Wewe usinisimamie, wala usinitetee. Kaa upande wao.

Na umwambie Bi Mwantumu asinipikie.

Apolonia